Nyuzi na Neno: Vijana wa Unguja Wakisikilizwa kutoka Kusini ya Ruvuma

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuona kurasa zetu za uhakiki zikijadili riwaya, tamthilia na diwani. Katika makala haya nakusudia kuzungumzia jambo ambalo sisi watu wa Kiswahili huwaachia watu wa muziki, yaani nyuzi. Swali langu ni hili: kikundi cha vijana wapiga ala za nyuzi kinapoinukia, kikaanza kualikwa ng'ambo na kusikilizwa na watu wasiojua Kiswahili, neno linaloimbwa juu ya nyuzi hizo hupata nini na hupoteza nini? Nitalijibu nikiwa nimetega sikio mahali ambapo wahakiki wa taarabu hawapafikirii mara nyingi, nayo ni pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji: kuanzia mdomo wa mto Ruvuma, Palma na Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Quirimbas na mji wa kale wa Ibo.

Kwa nini huko? Kwa sababu msikilizaji wa huko yuko katikati. Lugha kuu ya sehemu kubwa ya pwani hiyo ni Kimwani, na jina lenyewe maana yake ni lugha ya pwani. Wanaisimu wamebishana kwa miaka mingi kama Kimwani ni lahaja ya Kiswahili au ni lugha nyingine iliyolelewa pamoja nacho. Sina nia ya kuuamua ubishi huo hapa. Linalonihusu ni kwamba Mmwani akisikia wimbo wa Unguja hapati kila neno, lakini pia hakosi yote. Ujirani huu si wa jana. Katika karne ya 19 masheikh na watawala wa kaskazini ya Msumbiji waliwaandikia Wareno barua kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na baadhi ya barua hizo zimehifadhiwa hadi leo katika Nyaraka za Kihistoria mjini Maputo. Wakati wa vita vya ukombozi, 1964 hadi 1974, maelfu ya watu walivuka Ruvuma wakaishi Tanzania, na FRELIMO ikawa inatangaza kutoka Dar es Salaam. Waliporejea kwao walirejea na Kiswahili.

Kwa hiyo tuna wasikilizaji wa aina tatu. Wa Berlin husikia sauti tamu na basi. Wa Mji Mkongwe husikia shairi zima, hata na fumbo alilofumbiwa jirani yake. Wa Palma hupata nusu, akaitafuta nusu ya pili. Huyu wa tatu ndiye ninayemtaka awe hakimu wetu, maana neno likianza kufifia yeye ndiye atakayelikosa wa kwanza.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu istilahi. Wazungu wana kitu wanachokiita kwateti ya nyuzi: fidla mbili, viola na selo, watu wanne bila mwongozaji. Umbo hilo lilikomaa mikononi mwa Joseph Haydn katika karne ya 18. Utamu wake ni kusikia sauti nne zikishika njia nne, zikikinzana na kupatana. Sisi wa pwani hatuna kwateti kwa maana hiyo. Tunazo fidla yenye nyuzi 4, udi ambao kwa kawaida una nyuzi 11, na ganuni yenye nyuzi zaidi ya 70, na zote hufuata lahani moja, kila moja ikiipamba kwa namna yake. Ni kama watu watatu wanaokwenda msikitini kwa njia moja, mmoja akitembea pole, mwingine akiruka madimbwi, wa tatu akisimama kila baraza kusalimia. Wote wanafika pamoja. Anayezisikiliza nyuzi hizo kwa sikio la Haydn atasema hazina hamoni, na atakuwa amekwenda sokoni kununua kitu ambacho hakiuzwi hapo.

Kikundi ninachotaka kukitazama ni Siti and the Band cha Unguja, kilichoanza katikati ya miaka ya 2010 na kutoa albamu iitwayo Fusing the Roots mwaka 2018. Bi Siti Amina anaimba na kupiga udi, Bi Rahma Ameir anapiga fidla, na Bw. Gora Mohammed Gora ganuni. Ngoma na midundo ya kisasa imewekwa chini yao. Wote hawa ni matunda ya Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (DCMA), kilichoasisiwa 2001 na kuanza mafunzo 2002, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa katika jengo la zamani la Forodha mbele ya bahari. Humo walifundisha mafundi kama Mwalimu Mohammed Issa Matona, bingwa wa fidla na udi.

Msomaji asiyeijua taarabu anaweza asione ukubwa wa jambo hili. Zamani kijana alijifunza ala kwa kukaa nyuma ya wakubwa katika klabu, akashika anachoachiwa, siku anayoachiwa. Wasichana waliachiwa maikrofoni. Kuwaona wanawake wawili, mmoja na udi kifuani na mwingine na fidla begani, wakiongoza lahani badala ya kuisubiri, ni mabadiliko makubwa kuliko mchanganyiko wowote wa midundo. Naona wanaowasifu kwa mchanganyiko huo wamesifu kilemba wakamwacha mvaaji.

Tena kundi dogo la nyuzi si jambo geni. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, hakwenda na okestra. Alikwenda na wapigaji wachache wa udi, fidla na ngoma. Okestra kubwa, zenye safu za fidla kwa mtindo wa Misri, zilitamalaki baadaye. Kwa hiyo vijana hawa, hata kama hawakukusudia, wamerudi kwenye umbo ambalo taarabu ya Kiswahili ilitokea nalo mlangoni. Kulinganishwa na Siti binti Saad ni mzigo mzito, na kiongozi wao amebeba hata jina. Basi tupime.

Wimbo wa taarabu wa kawaida, kama tufundishavyo, una beti za mishororo mitatu, kila mshororo una mizani 16, vina vya kati na vya mwisho. Darasani tunazihesabu mizani hizo kwa vidole, tunaandika ubaoni nane kwa nane, tunakwenda zetu. Lakini ile nafasi iliyopo kati ya mizani ya nane na ya tisa haionekani ubaoni. Hapo ndipo mwimbaji anapovuta pumzi, na hapo ndipo nyuzi zinapopenya. Katika okestra fidla sita au nane huingia kwa pamoja, na aliyechelewa hufunikwa na wenzake. Katika kundi dogo fidla huingia peke yake, uchi, na inatakiwa iseme jambo kuhusu neno lililotoka kutamkwa sasa hivi. Kama kina cha kati kimeangukia kijembe, fidla inaweza kukicheka. Kama kimeangukia uchungu, inaweza kuuburuta kidogo kabla ya kumwachia mwimbaji mizani nane zilizobaki. Mpigaji asiyelifahamu shairi hawezi kufanya hivyo. Atarudia lahani tu, kama mwanafunzi anayerudia swali la mwalimu badala ya kulijibu. Ndiyo maana nasema mpiga nyuzi ni msomaji wa kwanza wa shairi, na wahakiki tungekwenda kumuuliza kabla ya kuandika tasnifu zetu.

Pana na suala la sauti zenyewe. Fidla na udi hazina vigawanyo shingoni, na ganuni ina vijiti vidogo vya kupandisha na kushusha uzi mmoja mmoja. Ala zote tatu zinaweza kugusa robo za sauti ambazo makamu za Kiarabu zinazitaka. Kinanda na gitaa haviwezi, au haviwezi kwa urahisi. Siku udi unapokaa pamoja na ala zilizokwisha kukatiwa sauti zake kiwandani, udi ndio unaosogea. Baadhi ya makamu hubaki nje ya mlango, na pamoja nazo hubaki namna fulani za huzuni ambazo shairi la Kiswahili lilishazizoea.

Sasa hukumu yangu juu ya Fusing the Roots. Pale udi na sauti vinapoachwa peke yake, au ganuni inapodondosha matone yake machache baada ya mshororo, kikundi hiki hakina wa kukitazama kwa jicho la chini. Fidla ya Bi Rahma ina heshima ya kunyamaza, sifa adimu kwa vijana. Lakini mdundo wa kisasa hauna subira na ile pumzi ya baada ya mizani ya nane. Mdundo una mapigo yake ya kutimiza, na ukishaanza hauulizi neno limeishia wapi. Nafasi inazibwa. Nyuzi zikikosa pa kujibia, zinageuka pambo la juu, kama nakshi ya mlango uliobandikwa ukutani: nzuri, ila haufunguki. Na shairi nalo, kwa kuwa linajua halitajibiwa, linaanza kujikata. Beti zinapungua, kiitikio kinarefuka.

Sidhani tatizo ni kipaji. Nadhani ni mahali wanapopandia. Tangu Sauti za Busara lianze mwaka 2004, vijana wa Unguja wamepata jukwaa ambalo baba zao hawakuwa nalo, Ngome Kongwe, mbele ya wageni wa dunia nzima, na kutoka hapo milango ya matamasha ya ng'ambo hufunguka. Ni neema, sikatai. Lakini tamasha lina saa yake na hadhira iliyosimama. Taarabu ilikuwa ya kukaliwa. Msikilizaji alikaa, akasubiri, na mshororo ukimchoma aliinuka, akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya macho ya watu. Kutunza ni uhakiki, ndugu zangu. Ni uhakiki wa papo hapo, wenye gharama, unaoonyesha ni mstari upi hasa umefika na kwa nani. Wapigaji huona, na safari ya pili wanauvuta mstari huo zaidi. Hadhira ya ng'ambo hupiga makofi wimbo ukiisha, tena kwa adabu na ukarimu mwingi, lakini makofi ya mwisho hayamwambii mpiga fidla chochote kuhusu kina cha kati.

Je, haiwezekani kupanda bila kulikata neno? Inawezekana. Bw. Rajab Suleiman, mpiga ganuni aliyekulia katika Culture Musical Club, klabu iliyoanza 1958, aliunda kundi lake dogo la Kithara, na albamu yao Chungu ikatoka 2014 ikiwa ya nane katika mfululizo wa Zanzibara. Humo nyuzi ni chache, na shairi limeachiwa nafasi yake ya kupumua. Kithara wana faida ya umri na ya klabu. Walishatunzwa sana kabla ya kupanda ndege. Na hao hao wa Culture walikuwa wametoa mwaka 2000 albamu nzima ya bashrafu, yaani vipande vya ala bila kuimba. Hili ni muhimu, lisije likaonekana kwamba nadai nyuzi zisisikike pasipo maneno. Bashrafu ni hodi. Watu wanakaa vitako, nyuzi zinabisha, kisha neno linaingia. Ninachokihofia ni hodi isiyofuatiwa na mgeni.

Tukitazama mbali kidogo, kwateti zenyewe za Afrika zinatufundisha jambo. Soweto String Quartet ya Afrika Kusini, ndugu watatu wa Khemese pamoja na Makhosini Mnguni, walitoa Zebra Crossing mwaka 1994, mwaka ule ule walipopiga katika sherehe ya kuapishwa kwa Nelson Mandela. Hawakuhitaji mwimbaji, kwa sababu walipiga nyimbo ambazo watu walikuwa nazo vifuani. Fidla ikipita, msikilizaji alijazia maneno mwenyewe. Naye Mganda Justinian Tamusuza aliandika kwateti yake mwaka 1988, akazifanya nyuzi nne za Kizungu ziseme kama ala za Kiganda, na kikundi cha Kronos cha Marekani kikaiweka katika albamu ya Pieces of Africa mwaka 1992. Ilisikika dunia nzima. Lakini kwa Mganda ilisikika zaidi, kwa sababu alikuwa amebeba kitu ambacho Mmarekani hakukibeba. Nyuzi bila neno husimama pale msikilizaji anapokuja na neno lake kutoka nyumbani. Wimbo mpya wa kijana wa Unguja, mbele ya hadhira mpya, hauna akiba hiyo.

Hapo namrudia yule hakimu wangu wa kusini ya Ruvuma, na hapo pana uchungu. Masikio yapo huko. Nyuzi ndizo hakuna. Muziki mkubwa wa pwani hiyo na ile ya Nampula ni wa sauti na ngoma. Tazama tufo: kundi la wanawake wanaoimba na kucheza kwa mpango, nyuma yao wapigaji wanne wenye madufu. Jina lenyewe latokana na dufu, na kwa simulizi zinazojulikana sana ngoma hii ilifika Kisiwa cha Msumbiji mnamo miaka ya 1930 kutoka Kilwa. Kama mtu anang'ang'ania neno kwateti, basi hao wanne ndio kwateti ya huko, na katika tufo neno halikatwi. Linaimbwa likaimbwa tena mpaka liwe la kila mtu. Upande wa nyuzi ipo chakare, zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa upinde kaskazini ya Msumbiji. Margot Dias alizieleza ala za nchi hiyo katika kitabu chake cha 1986 kwa uangalifu mkubwa. Uzi mmoja unaweza kusema mengi, lakini haupelekwi kwenye tamasha.

Kijana wa Palma anayetaka fidla aende wapi? Maputo kuna mradi wa Xiquitsi, ulioanzishwa 2013 na mpiga obo Kika Materula, ambao umewafundisha vijana wengi ala za okestra. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kutoka Palma hadi Maputo ni kama kilomita 1,900 kwa mstari ulionyooka, na hadi Mji Mkongwe ni kama 500. Chuo cha karibu zaidi kiko ng'ambo ya mpaka, tena kinafundisha ala na lugha ambazo sikio lake limeshazizoea, na bado ni kama kiko mwezini. Kisha likaja lililokuja. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa. Agosti 2020 mji huo ukatekwa, ukakombolewa mwaka mmoja baadaye. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Kufikia 2022 watu waliohama makwao katika mkoa huo walizidi laki nane. Vikundi vya ngoma vilitawanyika pamoja na mitaa iliyovizaa, na mwenye kukimbia usiku kwa mashua habebi madufu manne.

Chuo cha Unguja nacho hakikuwa salama. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba huenda kikafunga milango kwa kukosa fedha, baada ya wafadhili wa nje kupungua. Yaani nyuzi zote ninazozisifu hapa zilikuwa zimeshikiliwa na uzi mmoja. Kikundi kinachotegemea mfadhili wa ng'ambo kwa shule na hadhira ya ng'ambo kwa mapato hakitaacha kusogea kuelekea ng'ambo, na si haki kuwalaumu vijana kwa hilo huku sisi tulio karibu hatujanunua hata tikiti moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa Siti and the Band, na kwa wengine wanaowafuata, ni dogo na la vitendo. Albamu itakayofuata ichapishwe na mashairi yake kamili kwa Kiswahili, beti zote, hata zile zisizoimbwa jukwaani, pamoja na jina la mtunzi. Na safari moja, kati ya zile nyingi, ielekee kusini: Mtwara, kisha Pemba, ambako wengi wa Wamwani waliohama walikimbilia, wakae ukumbi mmoja na kina mama wa tufo. Huko mdundo wa kisasa utapata ushindani wa haki, na mpiga fidla atajua mara moja ni mshororo upi umefika.

Kwa upande wetu sisi walimu, muhula ujao nitajaribu jambo moja katika somo la ushairi. Nitawapigia wanafunzi ubeti mmoja wa taarabu kwa fidla peke yake, bila sauti ya mwimbaji, nao waniandikie kina cha kati kimeangukia wapi. Wako wanaotoka Unguja, Tanga na Mtwara, na nasikia safari hii tutampata na mmoja kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Nina hamu ya kuona nani atakipata kwanza.